Moyo Hujikinga, Lakini kwa Muda Mfupi

Huenda umewahi kuyaona haya. Mzee anayeishi katika jumba la ghorofa mtaani Kilimani anakuta lifti imeharibika, anapanda ngazi. Akifika ghorofa ya tatu kifua kinambana. Anaketi kidogo, maumivu yanaisha. Anapanda tena na safari hii hasikii lolote. "Ni gesi tu," asema.

Je, ni gesi? Huenda ni moyo wake uliojikinga.

Moyo ni msuli, nao huletewa damu yenye oksijeni na mishipa ya koronari. Mafuta yakijikusanya ndani ya mishipa hiyo, njia huwa nyembamba. Damu ikiganda hapo na kuiziba kabisa, msuli huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mnamo 1986, watafiti Murry, Jennings na Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliufunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5 na kuufungua kwa dakika 5, mara 4. Kisha wakaufunga kwa dakika 40. Sehemu ya msuli iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoeshwa hivyo. Lakini mshipa ulipofungwa kwa saa 3, kinga hiyo haikufaa kitu.

Hutokeaje? Damu ikipungua kwa muda mfupi, seli za moyo hutoa kemikali iitwayo adenosini. Hiyo ni kama kengele ya hatari. Seli huanza kutumia akiba yao ya nguvu polepole. Mitokondria, yaani vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu hiyo, navyo huimarika na kustahimili zaidi damu inaporudi. Hilo ni muhimu, kwani damu inayorudi kwa ghafla pia huweza kuujeruhi msuli.

Kinga hii hudumu kwa saa 1 au 2 hivi. Baada ya siku nzima hurudi ikiwa hafifu, na kufikia siku ya tatu au ya nne huwa imekwisha.

Madaktari walijaribu kuigeuza iwe tiba kwa kuubana na kuuachilia mkono wa mgonjwa kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Ulaya, uliotangazwa mwaka 2019, haukuonyesha faida.

Kwa hivyo, moyo hukununulia muda tu. Haufungui mshipa ulioziba. Dalili ya mvua ni mawingu, zingatia haya:

1. Kifua kikikubana unapotembea au kupanda ngazi na kutulia ukipumzika, mwone daktari upesi, hata kama hali hiyo imetoweka.

2. Maumivu yakikupata ukiwa umepumzika, yakizidi dakika chache, au yakienea mkononi au tayani pamoja na jasho jembamba, nenda hospitali mara moja. Usijiendeshee gari.

3. Pima shinikizo la damu na sukari, acha sigara, na usikatize dawa ulizoandikiwa.

Mzee wetu wa Kilimani alipewa onyo na nafasi. Asiipoteze kwa kumeza dawa ya gesi.