Kupoza Kadi Kubwa ya Michoro Bila Makelele

Kwenye masoko ya mtandaoni ya vifaa vilivyotumika kuna kadi moja ya NVIDIA inayowashawishi wengi: Tesla P40. Ilitoka mwaka 2016 ikiwa na memori ya gigabaiti 24, na kwa anayetaka kuendesha modeli za lugha kwenye kompyuta yake mwenyewe, memori hiyo ndiyo mali. Ukiishika mkononi ni boksi refu la chuma lililofungwa pande zote isipokuwa ncha mbili. Chungulia ncha moja utaona mapezi membamba yaliyobanana, yamelala kwa urefu wa kadi nzima. Feni hakuna hata moja. Muuzaji anaandika kwamba inapoa bila feni, na mnunuzi anaelewa kwamba itakaa kimya mezani kwake.

Kimya itakaa, kwa dakika chache. P40 inakula hadi wati 250, na ilitengenezwa ikae ndani ya seva zenye safu ya feni zinazosukuma upepo mkali kutoka mbele kwenda nyuma. Feni zake zipo, ila zimo kwenye seva ambayo hukuinunua. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya kawaida ukaipa kazi, joto linapanda haraka, kadi inajipunguzia kasi, na mambo yakizidi inajizima ili isiungue.

Hapo ndipo wengi wanapokwama wanapotaka kompyuta yenye nguvu na utulivu kwa pamoja. Umeme unaoingia kwenye kadi ya michoro karibu wote unatoka ukiwa joto. Mapezi ya alumini na mabomba ya shaba hayamalizi joto hilo. Yanalitandaza tu kwenye eneo kubwa ili hewa ilichukue. Kwa hiyo swali la kwanza ni hewa kiasi gani inapita. Ili kuondoa wati 250 huku hewa ikipata joto la digrii 15 tu juu ya ilivyoingia, unahitaji lita 14 hadi 15 za hewa kila sekunde. Hewa inayopanda yenyewe kwa sababu imepata moto, tena katikati ya mapezi yaliyobanana hivyo, haisogei hata karibu na kiasi hicho.

Kadi zisizo na feni kweli zipo. Kampuni ya Palit imeziuza kwa miaka kadhaa kwa jina la KalmX, zikiwemo GTX 1650 ya wati 75 na RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya wati 70. Namba hizo hazikuangukia hapo kwa bahati. Wati 75 ndicho kiwango ambacho sloti ya PCI Express inaweza kutoa bila waya wa ziada, na pia ndipo mapezi ya ukubwa wa kawaida yanapoanza kuelemewa. Chukua kikomo cha digrii 82 kwenye chipu na hewa ya digrii 32 ndani ya kasha. Umebakiwa na digrii 50 za kuchezea. Kwa wati 75, mapezi yanaruhusiwa kupanda takriban digrii 0.67 kwa kila wati, jambo linalowezekana. Kwa RTX 3080 ya wati 320, yanaruhusiwa digrii 0.16 tu kwa kila wati, na mapezi ya kufanya hivyo bila upepo wowote hayaingii kwenye kasha la mezani.

Hizo digrii 32 nimezitaja makusudi. Majaribio mengi unayoyasoma yamefanyika kwenye vyumba vya Ulaya vyenye digrii 20 au 22. Mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa chumba kisicho na kiyoyozi kina kumi zaidi, na hizo kumi zinaongezeka moja kwa moja kwenye joto la kadi. Kadi iliyosifiwa kwa digrii 75 huko itasoma 85 kwako bila kuwa na ubovu wowote. Anayeishi Nairobi au Mbeya ana nafuu ambayo mtu wa pwani hana.

Kabla hujanunua chochote, punguza wati. Hatua hii haina gharama na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zitakazofuata. Watengenezaji huisukuma chipu hadi mwisho wa uwezo wake ili ishinde kwenye majaribio ya kasi, na pale mwishoni kila hatua ndogo ya kasi inadai volti zaidi. Matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, ndiyo maana asilimia chache za mwisho za kasi zinakula wati nyingi ajabu. Kwenye Windows, programu ya MSI Afterburner inakuruhusu kushusha kikomo cha umeme kwa kuvuta kitelezi kimoja. Kwenye Linux, amri ya nvidia-smi -pl 180, ikiendeshwa kwa haki za msimamizi, inaifunga P40 kwenye wati 180. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa kikomo hicho kinafutika, kwa hiyo iweke amri hiyo kwenye orodha ya zinazojiendesha mashine inapowaka. Shusha kidogo kidogo, pima kazi yako halisi kila unaposhusha, usimame pale unapoona kasi inaumia.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie upepo. Kwa kadi ya kawaida yenye feni zake ndogo zenye kelele, njia ninayoipenda ni kung'oa plastiki. Fungua skrubu zinazoshika kifuniko cha plastiki pamoja na feni zake, uyaache mapezi yakiwa yameshikilia chipu kama yalivyotoka kiwandani. Halafu funga feni mbili za milimita 120 moja kwa moja juu ya mapezi kwa vibanio vya plastiki, vile vile mafundi wanavyofungia nyaya. Feni pana inasukuma hewa nyingi ikizunguka polepole, na kelele yake ni mvumo wa chini ambao sikio huuzoea. Tafuta pia waya wa kubadilisha soketi ndogo ya feni ya kadi kuwa ile ya pini nne ya kawaida, ili kadi yenyewe iendelee kuamua kasi kulingana na joto lake. Pima nafasi kwanza, maana feni za kawaida zina unene wa milimita 25 na kadi itameza sloti nne. Kuhusu dhamana, soma karatasi ya muuzaji kabla ya kushika bisibisi.

Wapo wanaotoa mapezi yote na kuweka mengine makubwa zaidi, kama Raijintek Morpheus yenye mabomba 12 ya kusafirishia joto. Kazi hiyo ni nzuri kwa mkono uliozoea. Mwanzilishi asisahau kwamba chipu kuu siyo pekee inayochemka. Vipande vya memori na saketi za kurekebisha umeme pembeni yake navyo vinahitaji vipezi vyake na upepo wake, na kadi nyingi zilizoharibika baada ya mapezi kubadilishwa ziliharibikia huko wakati kipimajoto cha chipu kinasoma vizuri kabisa.

Kwa P40 na ndugu zake wa seva dawa ni nyingine: feni ikae kwenye ncha moja ya boksi, ipulize kwa urefu. Feni pana ya kawaida haifai hapa kwa sababu mapezi yamebanana na upepo wake unarudi nyuma badala ya kupenya. Kinachotakiwa ni blowa, ile inayovuta hewa ubavuni na kuitema mbele kwa shinikizo. Kati ya blowa na kadi weka mdomo wa kuunganisha. Tengeneza wa kwanza kwa katoni na gundi ya utepe, ujaribu umbo, kisha ndipo ulipie wa kuchapishwa kwa printa ya 3D. Omba plastiki ya PETG au ABS, kwani PLA huanza kulegea kwenye digrii 60 hivi. Ukishafunga, kata kipande chembamba cha tishu ukishike kwenye matundu ya nyuma ya kadi. Kikipepea kwa nguvu, upepo unapita ndani. Kikining'inia tu, hewa inavuja kwenye maungio, na hakuna kasi ya feni itakayokusaidia hadi uzibe.

Mitego mitatu ya kadi hizi inawaumiza wengi. Wa kwanza ni waya wa umeme. P40 ina soketi ya pini nane inayofanana na ya kadi za michezo, lakini mpangilio wake ni ule wa waya unaolisha prosesa, ambao pini zake za volti 12 na za hasi zimekaa kinyume. Usilazimishe waya wa kadi ya michezo uingie, hata kama plastiki inaelekea kukubali. Nunua waya maalumu wa kubadilisha, unaounganisha waya mbili za pini nane kuwa moja. Wa pili ni kwamba kadi haina mahali pa kuchomeka feni, hivyo utaichomeka blowa kwenye mazabodi, na mazabodi inasikiliza joto la prosesa. Modeli ikifanya kazi kwenye kadi peke yake, prosesa inabaki baridi, blowa inasinzia, kadi inachemka. Iweke kasi isiyobadilika, au tumia programu kama FanControl ya Windows inayoweza kusoma joto la kadi na kuendesha feni kwa namba hiyo. Wa tatu ni ampea: soketi nyingi za feni kwenye mazabodi huvumilia ampea 1, na baadhi ya feni za seva zinataka zaidi. Soma lebo ya feni, na ikizidi, ilishe kutoka pawa saplai.

Pesti ya joto ni sura inayojitegemea, nitagusa panapouma. Kadi ya miaka mingi ukiifungua utakuta pesti imekauka na imesukumwa pembeni mwa chipu. Safisha kwa spiriti ya isopropili, paka mpya, na urudishe skrubu kwa mkato wa msalaba, kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Pedi za memori pima unene wa zile za zamani kabla hujanunua mpya. Pedi nene kupita kiasi inayainua mapezi yasiikandamize chipu, na nyembamba kupita kiasi haigusi memori. Kwenye RTX 3090, nusu ya memori iko mgongoni mwa kadi, kwa hiyo bamba la nyuma nalo linahitaji upepo. Badala ya pesti wengi sasa wanatumia karatasi ya Honeywell PTM7950, inayolainika kwenye digrii 45 hivi na haikimbii chipu kirahisi. Kwenye joto la pwani hunata hata kabla hujaiweka, basi itie kwenye friji kidogo ndipo ubandue nailoni yake. Metali ya majimaji iache, kwa kuwa galiamu iliyomo inakula alumini na tone lake likidondoka kwenye saketi linapitisha umeme.

Na maji? Yanapoza vizuri, hasa kadi za zaidi ya wati 400 kama RTX 4090 yenye 450. Ila maji yanahamisha joto hadi kwenye rejeta, na rejeta nayo inahitaji feni. Usichanganye rejeta ya alumini na bloku ya shaba kwenye mzunguko mmoja, kwa sababu alumini italiwa. Pampu isikae juu kuliko vyote, maana itameza hewa. Kwa kompyuta moja nyumbani, feni mbili pana na wati zilizopunguzwa zinatosha mara nyingi, na hazivuji.

Kasha lenyewe lisisahaulike. Kadi nzuri ndani ya kasha lililozibwa ni feni ya dari kwenye chumba kilichofungwa madirisha: inazungusha joto lile lile. Feni moja ya kuingiza chini mbele, moja ya kutoa juu nyuma, na kichujio cha vumbi unachokiosha kila mwezi. Karibu na bahari, chumvi na unyevu hufanya vumbi kugeuka tope kwenye mapezi, basi brashi laini ipite kabla halijaganda.

Jaribio la mwisho lifanyike kwa kazi halisi, nusu saa nzima, mchana wenye joto, kasha likiwa limefungwa. Dakika tano za mwanzo zinadanganya kwa sababu chuma bado kinafyonza joto. Tazama namba za chipu, na kama kadi yako inazionyesha, za sehemu yake yenye moto zaidi na za memori. Amri ya nvidia-smi -q -d TEMPERATURE inakuonyesha kadi yako inajipunguzia kasi kwenye digrii ngapi na inajizima kwenye ngapi. Ukibaki digrii 10 chini ya kikomo cha kwanza na namba imetulia, umemaliza. Ikiwa dakika ya 30 bado inapanda, ondoa wati 20 nyingine, uanze jaribio upya.