Kitatange Mdogo Anataka Tangi Lililokomaa

Miongoni mwa samaki wa pwani yetu wanaotafutwa na wafugaji wa samaki wa mapambo yumo kitatange mdogo ambaye wataalamu humwita Centropyge acanthops. Hazidi takriban sentimita 8. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea, na rangi ya chungwa imemfunika kuanzia usoni hadi mgongoni. Anapatikana kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, penye vipande vya matumbawe yaliyovunjika. Hapo hushinda akidonoa mwani na vijidudu, na akishtuka hujitoma shimoni.

Kwa maoni yangu, kinachowamaliza wengi wao majumbani ni haraka ya mfugaji. Mtu hununua tangi, hulijaza maji ya chumvi, na wiki haijaisha ameshatia samaki. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, yenye madhara ya polepole. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, kuongezeka vya kutosha. Pima maji: amonia na nitraiti zote ziwe sifuri. Hata zikifika hapo, usimlete kitatange bado. Ngoja miezi kadhaa hadi mawe yaote mwani, kwa kuwa hayo ndiyo malisho yake. Tangi la lita 250 au zaidi humfaa, na mawe yapangwe yaache mapango mengi ya kupenya. Tafadhali usivunje mwamba wa baharini kwa kazi hii. Mawe makavu ya kutengenezwa hufaa, na baada ya muda bakteria na mwani hukaa humo.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam, taabu ni kupoza maji. Feni ikipuliza juu ya tangi husaidia sana, ila huharakisha maji kukauka, na chumvi haiondoki na mvuke. Kwa hiyo fidia maji yaliyopotea kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi, na uangalie haidromita isome kati ya 1.023 na 1.025. Maji ya bomba yenye klorini yasiingie bila kutibiwa. Kila wiki au wiki mbili badilisha sehemu ya maji, asilimia 10 hadi 15 inatosha.

Mlishe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku: mwani mkavu, duvi walioganda, na chakula cha vitatange chenye sponji. Ukiwa na matumbawe hai tangini, jua kwamba anaweza kuyadonoa.

Dukani, omba alishwe mbele yako. Asiyekula, mwenye tumbo lililobonyea au anayehema upesi, mwache. Kumhamisha, tumia kikombe, kwa maana mwiba ulio shavuni mwake hunasa kwenye wavu. Mweke kwanza katika tangi la pembeni kwa wiki 4 au zaidi ukichunguza madoa meupe au vumbi la dhahabu mwilini. Dawa ya shaba, ikihitajika, itumike humo tu, kwa kiasi kilichoelekezwa na huku ukiipima; katika tangi kuu huua kamba na konokono.

Nunua mmoja. Samaki hawa huanza maisha wakiwa majike, na mkubwa wa kundi hugeuka dume. Madume wawili katika nafasi finyu hupigana vibaya.

Weka pia pampu ya hewa ya betri karibu na tangi. Umeme ukikatika, hewa ndiyo hupungua kwanza majini, basi iwashe mara moja na usimlishe mpaka umeme urudi.