Dondoo muhimu: Uji wa oti wenye viungo

Kwa mtu mmoja, andaa nusu kikombe cha oti, kikombe kimoja cha maji na robo kikombe cha maziwa.

Viungo ndivyo vitangulie. Chemsha maji kwa dakika 2 pamoja na iliki 2 zilizopondwa, kijiti cha mdalasini na chumvi kidogo, ndipo umimine oti. Ukivinyunyiza mwishoni, harufu hubaki juu juu, na mdalasini wa unga hufanya mabonge. Karafuu 1 yatosha. Zikizidi, utadhani unatibu jino. Ukitumia tangawizi mbichi, hakikisha imechemka vizuri kabla ya kutia maziwa, la sivyo yanaweza kukatika. Kungumanga ikwaruzwe kidogo tu baada ya kuepua.

Oti nyembamba huiva kwa dakika 2 au 3, nene huchukua hadi 10. Moto uwe mdogo, maziwa yaingie mwishoni yasiungulie chini. Sukari ya nini, ikiwa kuna ndizi mbivu au tende?

Wenye haraka zaidi waloweke oti usiku kwenye maziwa yenye unga wa iliki, kisha waweke kwenye friji. Asubuhi ni kula tu, jiko halihitajiki.