SOMO: ZABUNI ZINAPOLINGANA

Chama kinapotangaza zabuni ya magunia au ya kusafirisha mazao, halmashauri huamini kuwa kila mzabuni ameandika bei yake pasipo kumwambia mwenziwe. Wazabuni wakikutana kwa siri na kupanga nani apate kazi na kwa bei gani, ushindani haupo tena, na chama huibiwa kwa karatasi halali.

Mfano mashuhuri ni wa Marekani. Mwaka 1959 Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la umma la umeme, ililalamika hadharani kuwa zabuni za siri za mitambo zilikuwa zikilingana hata senti. Kulingana huko peke yake hakukutosha kuwa ushahidi, kwani bei huweza kufanana bila hila. Kulikuwa dalili tu. Wanasheria wa serikali wakadai nyaraka na kuwahoji mashahidi huko Philadelphia. Mtumishi wa kampuni mojawapo akatoa kumbukumbu za mikutano ya siri, alizokuwa amezitunza ili amfundishe msaidizi wake kazi! Ilidhihirika kuwa kulikuwa na zamu iliyoitwa "awamu za mwezi", iliyobadilisha kila majuma mawili kampuni ya kutoa bei ya chini. Makampuni yalitajwa kwa namba: General Electric ilikuwa 1, Westinghouse 2. Mwaka 1961 makampuni 29 na watumishi wao walitozwa faini ya jumla iliyokaribia dola milioni 2, na wakubwa saba wakahukumiwa kifungo cha siku 30.

Siku hizi nchi nyingi humpa msamaha au nafuu mshiriki wa kwanza kukiri, hivyo kila mmoja humwogopa mwenzake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupanga bei na kula njama katika zabuni. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani.

Katibu naye ana sehemu yake. Atunze zabuni zote, hata zilizoshindwa, pamoja na bahasha zake. Kosa lile lile la tahajia au la hesabu katika barua mbili, ushindi wa zamu mwaka hadi mwaka, au aliyeshindwa kupewa sehemu ya kazi na aliyeshinda, ni mambo ya kuandikwa na kupelekwa Tume. Asiwaulize wazabuni wenyewe, maana wakishtuka watachoma karatasi.

Swali la majadiliano: Je, zabuni za miaka mitatu iliyopita zimo katika jalada la chama chenu?