Pimeni Mlango Kabla ya Kiti: Ya Kufanya na Kutofanya Bondeni, Mombasa

Kiti cha magurudumu kikiletwa mtaani, aghalabu atakayekikalia ndiye wa mwisho kuulizwa. Wanaonunua, wanaochangisha na wanaogawa wayasome haya kwanza.

- Muulizeni mwenyewe. Si mwanawe, si imamu, si mfadhili. Anataka kufika wapi: sokoni Markiti, msikitini, au barazani tu? Kama ni kiziwi, leteni mkalimani wa lugha ya ishara. Msimjibie.

- Pimeni nyumba kwa futi kamba. Milango ya zamani, hapa na Mji wa Kale, ina mabawa mawili na kwa kawaida hufunguliwa moja. Kiti cha kawaida, chenye upana wa zaidi ya sentimita 60, hakipiti hapo. Kuna kizingiti, kisha ngazi nyembamba zilizosimama wima. Anayeishi ghorofani mkimletea kiti kizito, mmemletea pambo la sebuleni. Pengine anahitaji magongo ya ndani na kiti cha njiani. Au ahamie chumba cha chini, jambo ambalo familia hulikwepa kwa sababu chumba hicho kina mpangaji anayelipa.

- Msimpe mtu wa mtaani kiti cha hospitali. Vigurudumu vyake vidogo vya mbele ni vya sakafu laini. Kwenye vichochoro vyenye mashimo hukwama na kumtupa mtu. Tena kiti cha mtaani kikunjike, kiingie tuktuk.

- Msimkalishe mtu bila mto unaomfaa. Hapa sina mzaha. Aliyeumia uti wa mgongo, asiyehisi makalioni, hupata kidonda bila kujua, na kidonda hicho huweza kumuua. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti paingie vidole viwili. Nyayo zikae juu ya vikanyagio, zisining'inie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unahesabu kupimwa, kufundishwa na kufuatiliwa kuwa sehemu ya huduma ya kiti, wala si nyongeza.

- Magongo ya kwapani yapimwe mtu akiwa amesimama. Yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na mikono. Kuyalalia hukandamiza mishipa ya fahamu. Raba ikilika, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

- Msisahau chumvi. Hewa ya bahari hula chuma. Mwulizeni fundi baiskeli wa jirani kama tairi na beringi za kiti zinapatikana. Akitikisa kichwa, acheni. Kifaa cha masikio nacho kikaushwe usiku, na betri zake ziwe zinazouzwa Mombasa, zisingoje shangazi arudi kutoka Dubai.

- Asiyeona ajaribu kwanza simu aliyo nayo. TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, imo katika simu nyingi za Android bila malipo. Lakini simu haimwonyeshi mtaro ulio wazi. Fimbo nyeupe na mafunzo yake bado vinahitajika.

- Msifanye sherehe ya makabidhiano na kamera msimu wa kampeni. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa hivi. Ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na apimwe na wataalamu, kwa mfano wale wa APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza 1958.

- Baada ya mwezi mmoja rudini, mumwulize kifaa kinamuumiza wapi.