Chicago Ipi, Mdogo Wangu?

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, na hiyo insha yako uje nayo. Umeandika kwamba Chuo Kikuu cha Chicago kinaamini serikali isiingilie soko. Nani kakwambia chuo kinaamini? Usinune, wengi mnajikwaa hapo hapo. Ila usipojirekebisha mapema, kesho utamhukumu mtu kwa geti alilopitia.

Unachokisema wewe ni Mkondo wa Chicago katika uchumi, nao ni fikra za watu, si za chuo. Yupo Milton Friedman, aliyepata Nobel 1976, yupo George Stigler, aliyeipata 1982, na wenzao waliotetea soko huria. Kweli walifundisha pale, lakini penye wengi pana mengi. Oskar Lange, Mpoland aliyeutetea uchumi wa kijamaa kwa hoja nzito, naye alifundisha uchumi chuoni humo humo, 1938 hadi 1945. Huyo utamweka wapi? Na Friedman alipostaafu 1977 akahamia California, fikra zake hakuzifungia ofisini. Alikwenda nazo.

Subiri, sijamaliza. Kwa wanasosholojia, Mkondo wa Chicago ni mwingine kabisa: akina Robert Park na Ernest Burgess, waliochunguza maisha ya wahamiaji na mitaa ya mjini, wakatoa The City mwaka 1925. Wasanifu majengo nao wana wao, wa maghorofa yaliyoinuka jijini baada ya moto mkubwa wa 1871. Huo na chuo hauhusiani kabisa. Chuo chenyewe kilianzishwa 1890, maghorofa ya mwanzo yameshasimama!

Wala usidhani ni mambo ya Marekani tu. Wanahistoria husema Mkondo wa Dar es Salaam, nawe ukadhani Mlimani nzima, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliimba wimbo mmoja. Terence Ranger alisisitiza jinsi Waafrika walivyojiamulia mambo yao. Walter Rodney, katika kitabu chake cha 1972, alichimbua unyonyaji wa Ulaya. Idara moja hiyo, ya historia.

Kinachoniuma ni vijana wanaomkimbia mhadhiri kwa sababu cheti chake kimetoka Chicago, eti huyo ni wa soko huria, na hata neno lake hawajalisikia. Ile methali ya samaki mmoja akioza usiilete hapa, tafadhali. Mnajinyima mwalimu mzuri bure.

Haya, chukua kalamu. Futa hayo ya "chuo kinaamini", andika jina la mwenye hoja, kitabu chake na mwaka, kisha niletee nisome.