Mlango wa choo mjini Elista
Somo kwa komite za kambi, wazee wa barza na familia zilizohama



Somo letu la mara hii linatoka mbali na Kivu na Ituri. Linahusu watu wawili waliogombania taji la dunia, si shamba wala mgao wa unga. Tumelichagua kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo komite zetu hukutana nalo karibu kila wiki: mtu anatuhumiwa, ushahidi haupo, na wale waliopewa kazi ya kuamua wanaamua haraka.

Mchezo wenyewe ni sataranji. Ni ndugu wa dame, ile ambayo vijana wetu wanaicheza kwa vifuniko vya chupa, ila hapa kila kipande kina mwendo wake. Hakuna bahati ndani yake, wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko juu ya ubao wa miraba 64, mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo anayeshindwa hana wa kumlaumu mezani, na tuhuma zikizaliwa zinapita nje ya meza.

Machifu wawili, muhuri mbili

Mwaka 1993 Garry Kasparov wa Urusi na Nigel Short wa Uingereza walijitenga na shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, wakacheza pambano lao wenyewe. Tangu hapo dunia ilikuwa na mabingwa wawili, kama groupement moja yenye machifu wawili, kila mmoja na muhuri wake. Hali hiyo ilidumu miaka 13. Upande mmoja taji lilifika kwa Vladimir Kramnik wa Urusi, aliyemshinda Kasparov mjini London mwaka 2000. Upande wa FIDE lilichukuliwa na Veselin Topalov wa Bulgaria, mwaka 2005 kule San Luis, Argentina.

Mwishowe wakakubaliana kukutana. Pambano lilianza tarehe 23 Septemba 2006 mjini Elista, makao makuu ya jamhuri ya Kalmykia, kusini mwa Urusi. Michezo ilikuwa 12. Zawadi ya dola milioni moja ingegawanywa sawasawa, ashinde nani ashindwe nani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maana uliondoa pesa katikati ya ugomvi. Lakini heshima haigawanyiki nusu kwa nusu, na waliogombana Elista waligombana kwa heshima.

Jambo lingine la kuangalia: rais wa FIDE, Kirsan Ilyumzhinov, alikuwa pia rais wa Kalmykia. Mwenye nyumba na mwenye sheria walikuwa mtu mmoja. Hatusemi kwamba alipendelea upande wowote. Tunasema tu kwamba mtu wa namna hiyo, hata akiamua vizuri, anaanza kazi na mzigo mabegani.

Tuhuma

Kramnik alishinda michezo miwili ya kwanza. Wa pili ulimuuma sana Topalov, kwa sababu alikuwa na nafasi wazi ya kushinda akaikosa. Miwili iliyofuata ilikuwa sare. Pointi zikawa 3 kwa 1.

Kila mchezaji alikuwa na chumba chake cha kupumzikia na choo chake cha peke yake. Kamera zilikuwa chumbani, lakini chooni hazikuwepo, kama inavyostahili binadamu. Tarehe 28 Septemba meneja wa Topalov, Silvio Danailov, alileta malalamiko kwa maandishi: Kramnik anaingia chooni mara nyingi kupita kiasi, mara zaidi ya 50 katika mchezo mmoja, na huko ndiko mahali pekee pasipo na kamera. Hakusema waziwazi kwamba kuna kompyuta imefichwa. Hakuhitaji kusema. Kila aliyesoma alielewa.

Tuwe wa haki kwa upande wa Danailov. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Wakati ule kompyuta zilikwisha kuwapita wanadamu katika mchezo huu. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa mwaka huohuo, Kramnik mwenyewe alipambana na programu ya Deep Fritz mjini Bonn akashindwa kwa 4 kwa 2. Mtu mwenye mashine mfukoni angeweza kumwibia yeyote. Hofu ilikuwa halali basi. Kilichokosekana ni ushahidi. Na malalamiko hayo hayakubaki kwa mwamuzi. Yalipewa waandishi wa habari, yakazunguka dunia kabla hata kamati haijakaa.

Upande wa Kramnik ulijibu kwamba yeye hutembea anapofikiri, chumba ni kidogo, hutumia nafasi yote hata ya chooni, na anakunywa maji mengi. Ni majibu ya kawaida kabisa. Lakini ninyi mnajua: mtu akishatajwa hadharani, jibu la kawaida linasikika kama kisingizio.

Kamati

Kamati ya rufaa ilitazama picha za video. Iliona kwamba ile hesabu ya mara 50 ilikuzwa. Hapo ingeweza kusimama na kusema hivyo kwa sauti. Badala yake iliamua kufunga vyoo vya wachezaji wote wawili na kufungua kimoja cha kutumiwa na wote.

Kwa mtazamo wa haraka ni haki tupu: choo kimoja, watu wawili, hakuna aliyependelewa. Lakini sheria ileile inaweza kuwa sawa kwenye karatasi na kuwa hukumu moyoni. Ikitolewa siku moja baada ya tuhuma, kila mtu anasoma kwamba mtuhumiwa amepatikana na kitu. Masharti ya vyumba yalikuwa yamekubaliwa kabla ya pambano, na sasa yalibadilishwa katikati, bila ridhaa ya yule ambaye mabadiliko yalimgusa. Tena, picha za video za chumba chake zilikuwa zimefika mikononi mwa upande uliomlalamikia. Kramnik aliona kwamba wajumbe wa kamati hawako katikati, akataka wabadilishwe.

Tarehe 29 Septemba ulikuwa mchezo wa 5. Topalov alikaa mezani. Kramnik alibaki katika chumba chake cha kupumzikia, akidai choo chake kifunguliwe. Mwamuzi, Geurt Gijssen wa Uholanzi, aliwasha saa kama sheria inavyomtaka. Saa moja ikapita. Kramnik akahesabiwa ameshindwa bila kusogeza kipande hata kimoja. Pointi: 3 kwa 2.

Tunajua komite nyingi ambazo zingejiona hapa. Katika kambi tunazozitembelea, tuhuma nyingi huzaliwa mahali patatu: penye bomba la maji, penye vyoo na penye orodha ya mgao. Tulikutana na komite moja ambayo karani wake wa jetoni alisemwa kwamba anauza jetoni usiku, kwa sababu alionekana mara kadhaa nyuma ya depo. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini huko. Rais wa kambi, akitaka utulivu, akatangaza kwamba tangu siku hiyo makarani wote watapekuliwa wakitoka. Wote, bila ubaguzi. Jioni ileile watoto wa yule karani walikuwa wanaitwa watoto wa mwizi kwenye foleni ya maji. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akienda kuongea kwa simu, kwa kuwa mtandao unashika vizuri zaidi upande ule. Lakini mkewe alikuwa amekwisha kuomba kuhamishiwa bloki nyingine.

Choo kingine, mjini Dubai

Msifikiri tunafundisha kwamba mlalamikaji anyamaze. Mwaka 2015, katika mashindano ya Dubai, Tigran Petrosian wa Armenia aliona kwamba mpinzani wake anaenda chooni mara kwa mara, tena daima kwenye chumba kilekile. Alimwendea mwamuzi. Hakuenda kwa waandishi. Waamuzi wakakagua, na ndani ya choo hicho wakapata simu iliyofichwa, ikiwa na programu ya sataranji inayochambua mchezo uleule uliokuwa mezani. Mchezaji aliondolewa, kisha akafungiwa kwa miaka na kunyang'anywa cheo chake.

Shaka ni ileile, mahali ni palepale, choo. Tofauti iko katika njia. Huku lalamiko lilienda kwa mwenye kazi, likakaguliwa kwanza, uamuzi ukaja mwisho. Kule Elista uamuzi ulitangulia, na ukaguzi haukumaliza jambo.

Kurudi mezani

Kwa siku mbili pambano lilikuwa kama limekufa. Ilyumzhinov alirudi Elista, akazungumza na pande zote mbili. Matokeo yake hayakumfurahisha yeyote kikamilifu: vyoo vya awali vilifunguliwa tena, wajumbe wa kamati waliolalamikiwa waliacha nafasi zao kwa wengine, lakini ile pointi ya mchezo wa 5 ilibaki kwa Topalov.

Kramnik alitaka mchezo huo uchezwe. Haukuchezwa. Na hapa ndipo tunapoona alifanya jambo zito kuliko yote aliyoyafanya Elista: tarehe 2 Oktoba alikaa mezani, akitangaza kwamba anacheza huku akihifadhi haki yake ya kulalamika. Hakusema amesamehe. Hakusema pointi ni halali. Alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya mara nyingi, yaani kuendelea na kukubali. Familia inayorudi kwenye shamba lake na kumkuta mwingine analima inaweza kukubali kugawana mavuno ya msimu mmoja wakati kesi inaendelea, bila kuwa imetoa shamba. Jambo hilo lisemwe wazi na liandikwe, kama Kramnik alivyofanya.

Wachezaji hawakupeana mikono. Siku mbili baadaye upande wa Topalov ukatoa tuhuma mpya, ukidai kwamba mienendo mingi ya Kramnik inafanana na ile ya programu ya kompyuta. Topalov alishinda mchezo wa 8 na wa 9. Kramnik akashinda wa 10. Baada ya michezo 12 walikuwa 6 kwa 6, na katika hizo 6 za Topalov moja ni ile ya mlango uliofungwa. Tarehe 13 Oktoba walicheza michezo minne ya haraka. Kramnik akashinda kwa pointi 2 na nusu kwa 1 na nusu. Taji likawa moja tena.

Aliyepiga makofi

Wengine watasema: hivyo ndivyo watu walivyo, ukubwa unakula utu. Sivyo daima. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti alikuwa akitetea taji lake mbele ya Bobby Fischer wa Marekani. Fischer alishindwa mchezo wa kwanza, kisha hakutokea kabisa kwenye wa pili kwa sababu ya kelele za kamera. Spassky alikuwa mbele kwa 2 kwa 0. Wakubwa wa michezo mjini Moscow walimtaka arudi nyumbani na taji. Yeye akakubali mchezo wa tatu uchezwe katika chumba kidogo, mbali na watazamaji, kama mpinzani wake alivyotaka. Akashindwa mchezo huo. Mchezo wa 6 Fischer alicheza vizuri mno, na ukumbi ulipompigia makofi, Spassky naye alipiga.

Alilipa gharama. Alipoteza pambano kwa pointi 12 na nusu kwa 8 na nusu, na nyumbani hawakumpokea kwa maua. Tunalisema hili kwa sababu mafunzo mengi ya amani huahidi kwamba mwungwana hufaidi mwishoni. Spassky hakufaidi. Alifariki mwaka 2025, na watu wengi wanamkumbuka kwa makofi yale kuliko kwa michezo aliyoshinda. Lakini makofi hayakumrudishia taji.

Baada ya makubaliano

Elista ilipata bingwa mmoja. Haikupata maridhiano. Topalov aliendelea kusema katika mahojiano kwamba aliibiwa, na mwaka 2007 kamati ya maadili ya FIDE ikampa onyo kali kwa maneno hayo. Wawili hao waliendelea kukutana kwenye mashindano bila kupeana mikono. Hakuna aliyewaketisha chini na kuuliza: neno lililosemwa Septemba 2006, je, lilikuwa kweli au si kweli? Pambano lilitatuliwa, neno halikutatuliwa.

Tena kuna hili, ambalo halipendezi. Kuanzia mwaka 2023 Kramnik mwenyewe alianza kuwatilia shaka hadharani wachezaji wengine wanaocheza kwa intaneti, akitumia hesabu za takwimu kama zile alizotupiwa yeye. Novemba 2025 FIDE ilipeleka lalamiko dhidi yake kwa kamati yake ya maadili. Hatujui moyo wa mtu. Lakini tumeona katika barza zetu pia kwamba aliyeumizwa na tuhuma si lazima awe mwangalifu zaidi na jina la mwenzake.

Kwa mazungumzo katika vikundi

Tunaomba komite zijigawe katika makundi matatu: upande unaolalamika, upande unaolalamikiwa, na kamati. Chukueni kisa cha karani wa jetoni, si cha Elista, na mkianze tangu asubuhi ya kwanza, kabla ya tangazo la rais wa kambi. Kundi la kamati liseme kwa sauti ni nani wataanza kumwuliza, wapi, na nani atakuwepo. Kundi la walalamikaji liseme waliona nini kwa macho na walisikia nini kwa watu, kila kimoja peke yake. Kina mama wasiachwe nyuma, kwa sababu wao ndio wanaosimama kwenye foleni ya maji na wanajua neno limefika wapi. Kisha wote pamoja mjadiliane hili: wakati shauri halijaisha na mgao ni kesho, funguo za depo atashika nani, na yule karani ataambiwa nini mbele ya watu?